Kurudi chekechea baada ya miaka nje ya kazi: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Nairobi

Walimu wengi wa chekechea ninaowajua Nairobi hawakuiacha kazi kwa kupenda. Shule zilipofungwa Machi 2020, shule ndogo za binafsi zilizotegemea karo zilikosa cha kuwalipa walimu, na masomo yaliporejea Januari 2021 kuna milango ambayo haikufunguliwa tena. Wengine walijifungua, yaya akaondoka, wakapiga hesabu wakaona mshahara wote unaishia kwa yaya mpya na nauli ya matatu. Wengine walirudi ushago kumuuguza mzazi. Miaka ikapita. Sasa mtoto wa mwisho ameingia shule, na moyo unavuta kule kwenye viti vidogo.

Naandika kwa ajili ya mwalimu huyo, awe mama au baba, maana wanaume wa chekechea wapo na tunawahitaji. Kazi yangu imeniweka upande wa pili wa meza: nasoma barua za maombi, naketi nyuma ya darasa wakati wa somo la majaribio. Nimeona tofauti kati ya anayerudi akiwa tayari na anayerudi akiwa na hofu. Makaratasi yaanze mapema kwa sababu yanangoja foleni, lakini maandalizi yenyewe yaanzie darasani, katikati ya watoto, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa barua. Wengi huanzia saiba, wakachapisha wasifu nakala ishirini, wakazunguka nazo South B hadi Donholm. Huko si kurudi kazini, ni kutafuta mlango ukiwa bado hujajua nyumba imebadilika vipi.

Hatua ya 1: Jua kilichobadilika ulipokuwa nje

Kama uliondoka kabla ya 2019, uliacha "baby class", nasari na "pre-unit". Leo kuna pleigrupu, kisha PP1 na PP2, ile miaka miwili ya awali kabla ya Gredi ya 1, na mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka minne. Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza nchini kote Januari 2019 katika PP1, PP2 na Gredi ya 1 hadi ya 3, na siku hizi utausikia pia ukiitwa CBE. Ukisikia mzazi anasema "Gredi ya Tisa", ujue ni wale watoto walioanza na mtaala huu wakiwa wadogo, na sasa wako sekondari ya chini na kuendelea.

Katika chekechea shughuli za kujifunza ni lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini, na kipindi ni dakika 30. Hayo utayakariri kwa siku moja. Kigumu ni tathmini, kwa sababu inagusa tabia ya mwalimu mwenyewe. Zamani tulihesabu alama, tukawapanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho, na mwisho wa muhula mzazi akauliza "namba ngapi?" Sasa mwalimu anatazama, anasikiliza na kuandika, kisha anapima kwa viwango vinne: mtoto amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko mbali na matarajio. Hakuna namba moja darasani. Unachotakiwa kuwa nacho ni ushahidi: mchoro wake, kazi ya mikono, maneno aliyoyasema ukayanukuu.

Miundo ya mtaala inapakuliwa bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala iliyokuwa ikiitwa KIE siku za vyeti vya DICECE, vile vituo vya wilaya vilivyofunza walimu wa chekechea. Pakua ya PP1 na PP2. Usiisome yote kama gazeti. Chukua mada moja, tuseme uainishaji katika shughuli za hisabati, uisome kuanzia matokeo yanayotarajiwa hadi maswali dadisi, kisha uandike andalio la somo lako mwenyewe kwa mkono. Fanya hivyo kwa kila shughuli mara moja. Ukimaliza utakuwa umeuelewa mtaala kuliko mtu aliyekaa semina nzima akipiga picha ubaoni.

Sheria nazo zimesonga. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mwalimu wa chekechea ya umma Nairobi huajiriwa na Kaunti ya Jiji kupitia bodi yake ya utumishi wa umma. Adhabu ya viboko na ya kumdhalilisha mtoto ilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja badala ya ile ya 2001. Nasema hili waziwazi kwa sababu baadhi yetu tulifunzwa kazi wakati kofi lilikuwa jambo la kawaida. Kama mkono wako bado una mazoea hayo, malizana nayo kabla ya kurudi. Kariri pia nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Siku utakapoihitaji hutakuwa na muda wa kuitafuta.

Na picha. Ulipoondoka labda kundi la WhatsApp la wazazi halikuwepo. Sasa lipo kila darasa, na simu iko mfukoni mwako. Usichapishe uso wa mtoto popote bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini.

Hatua ya 2: Anzisha makaratasi wiki hii

Anza na lile linalochelewa zaidi, cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambacho wote wanakiita "good conduct". Unaomba na kulipa kupitia eCitizen, ada yake imekuwa shilingi 1,050, unachapisha fomu, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole katika Kituo cha Huduma. Nenda asubuhi mapema. Kile cha GPO katikati ya jiji hujaa. Anayeishi Eastlands afikirie cha Makadara. Hata kama una cha zamani, mwajiri atataka kipya.

Kisha TSC. Sheria ya 2012 inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kama ulisajiliwa zamani, ingia kwenye tovuti ya Tume uhakikishe nambari yako ipo na majina yanalingana na kitambulisho. Kama hukuwahi, na wapo waliofundisha miaka mingi bila nambari, omba mtandaoni sasa. Utahitaji vyeti vya shule na vya ualimu, kitambulisho, PIN ya KRA, picha ya pasipoti, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, na kile cheti cha tabia njema. Unaona sasa kwa nini nimekitanguliza.

Majina ndiyo yanayowakwamisha wanawake. Cheti cha KCSE kina jina la baba, kitambulisho kina jina la mume, na PIN ya KRA iliyoombwa saiba ina herufi moja iliyopotea. Kabla ya kutuma chochote, tandaza hati zako zote mezani uyasome majina moja baada ya jingine. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo kwa wakili pamoja na cheti cha ndoa. Kubadilisha jina kabisa ni safari nyingine, tena ndefu.

Vyeti vilivyopotea katika kuhama nyumba si mwisho wa dunia. Chukua abstrakti ya polisi, kisha uombe KNEC, baraza la mitihani, kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS ama kukupa cheti kingine, ama kuthibitisha matokeo yako kwa mwajiri. Kama ulihitimu chuo cha binafsi ambacho kimefungwa, jambo la kwanza ni kujua mtihani wako ulitahiniwa na nani, maana huyo ndiye mwenye rekodi.

Huenda pia ukahitaji kujiendeleza. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu vilianza kutoa diploma ya miaka mitatu ya elimu ya utotoni, na walimu wenye vyeti vya zamani wana njia ya kupanda hadi diploma kwa mtihani wa KNEC. Ushauri wangu ni usingoje kumaliza diploma ndipo uombe kazi. Shule inapokuona umejiandikisha na unasoma wakati wa likizo, hiyo inatosha kukutofautisha na mwenzako mwenye cheti kama chako.

Huduma ya kwanza nisingeiacha. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wote wanafundisha hapa jijini. Mtoto wa miaka minne anakabwa na kipande cha muwa, anaweka punje ya mahindi puani, anaangukia ukingo wa sementi. Dakika mbili za kwanza ni zako wewe, siyo za daktari.

Hatua ya 3: Kaa darasani kabla ya kuomba kazi

Makaratasi yakiwa njiani, tafuta chekechea karibu na nyumbani, mwone mwalimu mkuu, umwombe ukae katika darasa la PP1 au PP2 kama msaidizi wa kujitolea. Nenda na nakala ya kitambulisho na vyeti ulivyonavyo. Sema unarudi kazini na unataka kuuona mtaala ukifundishwa. Sehemu nyingi hawakatai mikono ya ziada, hasa mwanzo wa muhula wa kwanza watoto wapya wanapolia. Wiki mbili zinatosha kukufungua macho. Muhula mzima, ukiumudu, unakupa pia mdhamini mpya wa kumwandika kwenye wasifu, na hilo ni kubwa, kwa sababu yule wa zamani huenda amestaafu au simu yake haiingii.

Siku za kwanza usifundishe. Tazama. Chukua mfano mmoja, kipindi cha kupanga vitu katika makundi. Mwalimu amemwaga vizibo vya soda kwenye mkeka: vyekundu vya Coca-Cola, vya rangi ya machungwa vya Fanta, na vichache vilivyopondeka vya kuokotwa nje ya kioski. Anawaambia watoto wavipange vinavyofanana. Karibu wote wanafuata rangi. Mmoja anatenga vile vilivyopinda upande huu na vilivyonyooka upande ule, rangi zikiwa zimechanganyika. Sisi wa mtaala wa zamani hapo tungesema "hapana, angalia wenzako". Mwalimu aliyezoea CBC anachuchumaa na kuuliza, "Umevipanga vipi?" Mtoto anajibu, "Hivi vimeumia." Mwalimu anaandika maneno hayo kwenye daftari lake pamoja na tarehe. Mtoto huyo ameunda kigezo chake mwenyewe cha kuainisha na ameweza kukieleza. Ndiyo tathmini hiyo, na ndiyo ripoti atakayosomewa mzazi mwisho wa muhula.

Angalia pia jambo dogo ambalo halimo kwenye muundo wa mtaala. Mwalimu yule alihesabu vizibo kabla ya kuvimwaga, na baada ya kipindi anavihesabu tena vikiingia kwenye kopo. Kimoja kikikosekana hakuna anayetoka kucheza mpaka kipatikane, kwa sababu kizibo kilichopotea kinaweza kuwa mdomoni mwa mtu. Vitu vya namna hii hurudi mwilini ukiwa darasani, hata kama mwili ulisahau. Kichwani huvipati.

Utumie muda huo kuanza kukusanya zana. Nairobi inampendelea mwalimu mwenye jicho: maboksi kutoka supamaketi, vitambaa na wanasesere wa mitumba Gikomba, mikebe, mbegu na nafaka za Nyamakima. Weka katika ndoo moja yenye kifuniko. Siku ya somo la majaribio utaingia nayo.

Na utagundua jambo la ndani zaidi: kama bado unaipenda kazi yenyewe, au ulikuwa umemkumbuka yule mtu uliyekuwa wakati ule. Yote mawili ni halali, lakini ni heri uyajue kabla ya kusaini mkataba.

Hatua ya 4: Chagua mlango

Chekechea za umma za kaunti zina utulivu zaidi wa ajira, ila nafasi hutangazwa kwa vipindi na waombaji ni wengi. Fuatilia matangazo ya bodi ya utumishi ya Kaunti ya Jiji, na usimtumie mtu yeyote pesa ya "kukuwekea faili". Kuomba kazi hizo hakulipiwi. Madarasa huwa makubwa. Chakula cha mchana cha mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi 5 kwa bangili ya mkononi, kimebadilisha siku nzima ya shule. Mtoto aliyeshiba anakaa, anasikiliza, na mwalimu anaona tofauti.

Shule za mitaa kama Mathare, Kibera, Mukuru na Kawangware, zile zilizo chini ya mpango wa APBET, yaani elimu mbadala ya msingi, huajiri haraka na zinapokea kwa moyo mweupe mwalimu anayerudi. Mshahara ni mdogo na mara nyingine huchelewa pamoja na karo. Nasema bila kuzunguka: kama nyumba yote inakutegemea wewe, uliza mshahara hulipwa tarehe ngapi na umuulize mwalimu mwingine pia, siyo mwenye shule pekee. Lakini kama unatafuta mahali pa kujenga upya mkono wako, huko utafundisha kwelikweli.

Shule za binafsi za Buruburu, Lang'ata, Kilimani na kwingineko zinatofautiana kama mbingu na ardhi, hata katika mtaa mmoja. Baadhi hufuata njia ya Montessori, ambayo ina mafunzo yake mahususi, na huwezi kuiingia kwa cheti cha kawaida ukategemea kubahatisha. Shule nyingi za kimataifa hufuata mfumo wa Uingereza wa miaka ya mwanzo, EYFS, wenye maeneo saba ya kujifunza. Matatu kati ya hayo ni ya msingi: mawasiliano na lugha, makuzi ya nafsi na hisia, na makuzi ya mwili. Ukishauelewa mtaala wa umilisi, EYFS haitakuwa ngeni, maana yote mawili humtazama mtoto akicheza.

Usividharau vituo vya kulea watoto wachanga. Mji huu umejaa akina mama wanaotoka kazini saa kumi na mbili jioni na hawana pa kumwacha mtoto wa mwaka mmoja. Mwalimu aliyefunzwa anayekubali kufanya kazi na watoto chini ya miaka mitatu hakosi kazi, na wengine huishia kufungua kituo chao.

Chochote uchaguacho, pima umbali. Matatu za Jogoo Road na Outering siku ya mvua hupandisha nauli na hazisogei. Watoto wa kwanza hushushwa getini kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Shule nzuri iliyo mbali itakumaliza kabla ya Pasaka.

Hatua ya 5: Andika pengo lako kama lilivyo

Mwaka wa shule huanza Januari, na walimu wakuu hupanga nafasi kati ya Septemba na Novemba. Peleka maombi wakati huo. Nafasi za katikati ya mwaka zipo pia, mwalimu anapojifungua au kuhama, na hizo hupatikana kwa aliye karibu, ndiyo sababu nyingine ya kule kujitolea.

Pengo usilifiche, wala usiliombee msamaha. Nimesoma wasifu ambao miaka imebanwa ili pengo lisionekane, na mara moja mtu hujiuliza ni nini kingine kimebanwa. Barua nyingi hapa huandikwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio wa wazo ni huu:

"Nilifundisha darasa la awali Umoja kuanzia 2012 hadi 2018. Tangu hapo nimekuwa nyumbani nikilea watoto wangu wawili. Muhula huu nimejitolea katika darasa la PP1, nimeandaa masomo kwa kufuata miundo ya KICD, na nimepata mafunzo ya huduma ya kwanza. Niko tayari kuanza Januari."

Sentensi nne. Hakuna anayehitaji kujua kuhusu ndoa, ugonjwa au ugomvi na mwajiri wa zamani. Kama wakati ukiwa nyumbani ulifundisha Shule ya Jumapili au madrasa, ulisaidia kazi za nyumbani za watoto wa jirani, ulimlea mtoto mwenye ulemavu, au uliendesha biashara na kuwatunzia watu hesabu, yaandike. Ni kazi hizo. Mwalimu aliyemlea mtoto mwenye usonji anajua mambo ambayo darasa zima la chuo halikufundishwa.

Hatua ya 6: Somo la majaribio na mahojiano

Shule nyingi zitakupa dakika 20 au 30 na watoto ambao hawajawahi kukuona. Hapa ndipo kazi hupatikana au hupotea, na aliyekosa kazi mara nyingi alikuwa amejiandaa kuwafundisha watu wazima waliokaa nyuma. Chati kubwa, sauti kubwa, watoto wakikariri kwa pamoja. Tunaotazama tunaangalia vitu vingine. Je, ulishuka hadi usawa wa macho yao? Uliuliza jina la mtoto ukalikumbuka? Watoto walishika kitu kwa mikono yao, au walikutazama tu ukishika wewe?

Chagua jambo moja dogo, siyo matatu. Anza na wimbo mfupi wenye vitendo ili wakuzoee. Kisha toa ile ndoo yako. Gawa vifaa katika vikundi vidogo, toa maagizo kwa sentensi fupi, halafu nyamaza uzunguke. Atakuwepo mtoto mmoja aliyejikunyata pembeni. Usimvute katikati. Weka vifaa vichache karibu naye, uendelee na wengine, umrudie baadaye. Mwalimu mkuu aliye makini atakuwa anakuangalia hapo hapo. Malizia kwa kuwauliza wawili au watatu wamefanya nini, na hakikisha vifaa vimerudi kwenye ndoo kwa hesabu.

Lugha itakutatiza kidogo. Watoto wa Nairobi huchanganya Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha ya nyumbani katika sentensi moja, na shule ya binafsi huenda ikataka Kiingereza pekee. Uliza mapema. Hata pale wanapokazia Kiingereza, mtoto anayelia mfariji kwa lugha anayoielewa.

Kwenye mahojiano tarajia maswali ya mkasa. Mtoto anauma wenzake, utafanya nini? Jibu kwa mpangilio: nitamhudumia aliyeumwa, nitamtenga muumaji kwa utulivu bila kumfokea, nitaandika tukio, nitawaarifu wazazi wa pande zote mbili bila kumtaja mtoto wa mwenzake, na nitachunguza hutokea saa ngapi na kwa sababu gani. Mzazi anataka mtoto wa PP1 aandike kurasa mbili kila jioni? Usiseme mzazi amekosea. Eleza kwamba vidole vinavyofinyanga, vinavyorarua karatasi na kutunga shanga ndivyo vinavyojengwa kushika kalamu, kisha umwonyeshe kazi za mtoto wake. Mtoto hasemi ingawa wenzake wanasema? Utaandika unachokiona kwa wiki kadhaa, utazungumza na mzazi kwa upole, na utashauri apelekwe kutathminiwa. Hapa jijini KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, ina kituo cha tathmini kwa kazi hiyo. Usimpe mtoto jina la ugonjwa. Hiyo si kazi yetu.

Na "umekuwa wapi miaka hii yote?" itakuja. Jibu kwa sauti ile ile uliyotumia kujibu mengine, halafu uzungumzie muhula uliojitolea.

Hatua ya 7: Soma mkataba na makato

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu na zaidi, kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita kwa kuanzia, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Uliza kama unalipwa Aprili, Agosti na Desemba shule zinapofungwa. Swali hili moja limewaokoa walimu wengi njaa ya sikukuu. Uliza pia kama kuna punguzo la karo kwa mtoto wako.

Hati yako ya mshahara itakushangaza kama uliondoka kabla ya 2023. NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ni ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Kuna ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. NSSF nayo imepanda tangu 2023. Kwa hiyo unapojadili mshahara, jadili ule utakaofika mkononi. Jisajili SHA kabla ya kuanza, pamoja na watoto wako.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Panga nyumba yako kabla ya darasa lako. Chekechea nyingi huwaachilia watoto mchana, lakini mwalimu habanduki hapo. Kuna kusafisha, kuandika rekodi, na kumngoja yule mtoto ambaye mzazi amechelewa. Nani atamchukua wako? Mtaje mtu mmoja kwa jina, na mwingine wa akiba. Mazungumzo na mwenzi wako kuhusu nani anapika na nani anaamka mtoto akiugua yafanyike sasa, siyo siku ya kwanza ya homa.

Mwili utalalamika. Sauti hukauka, magoti huuma kwa kuchuchumaa, na mafua ya watoto yatakupitia. Beba maji, vaa viatu vya chini, jifunze kuita watoto kwa kupiga makofi au kengele ndogo badala ya koo. Wiki ya kwanza ya Januari watoto wa PP1 watalia, na wazazi wengine watalia nao getini. Mwambie mzazi aage kwa jina, aseme atarudi baada ya chakula, aende. Akijificha nyuma ya dirisha kilio hudumu asubuhi nzima.

Wenzako wa darasani huenda ni wadogo kwako kwa miaka kumi na wanajua vishikwambi na kuandika ripoti kwa kompyuta kuliko wewe. Waulize bila aibu, na uwape ulichonacho: jinsi ya kuwatuliza watoto arobaini mvua inapopiga mabati, jinsi ya kuzungumza na mzazi aliyekuja na hasira.

Andika rekodi za kila mtoto kila Ijumaa kabla hujatoka, hata mstari mmoja. Zikilimbikizana hadi mwisho wa muhula utaandika za kubuni, na mzazi makini atajua. Mwezi wa pili omba mwalimu mkuu akae nyuma ya darasa lako akupe maoni kwa maandishi. Kipindi cha majaribio kikiisha, dai barua ya kuthibitishwa kazini, weka nakala nyumbani, na uingie kwenye akaunti yako ya NSSF uone kama michango iliyokatwa imefika kweli.